Mkono wa Kushoto wa Kalunde

Dada Stella,

Jana mhariri alinipigia simu kutoka Dar. Wanataka kuchapa matoleo yote sita ya katuni yako ya Kalunde katika kitabu kimoja, na alikuwa na swali moja tu: shujaa wenu ana mikono mingapi? Nikamwambia nitamjibu kesho.

Unakumbuka toleo la kwanza? Ulilichora kitandani, masika yamepamba moto na ugonjwa wa selimundu umekushika magotini. Ulimwita Kalunde, kawingu, kwa Kinyamwezi cha bibi. Wengine wangemchora akiruka angani. Wako alitembea kwenye mvua na mifupa haikumuuma, basi, hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kurasa steshenari pale Majengo, kutoa kopi na kupiga pini. Karatasi zako zilikuwa kubwa kuliko kioo cha mashine, nami haraka nimezaliwa nayo, nikazisukumia upande. Kila ukurasa ukatoka Kalunde hana mkono wa kushoto.

Nilidhani utanichapa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mama mmoja muuza dagaa akauliza mkono umeenda wapi, nawe ukaanza toleo la pili na mamba wa mto Katuma aliyeula. Kopi zikafika hadi Mishamo kwa baiskeli. Kosa langu likawa sifa, nami nikavimba kichwa.

Toleo la sita ulilimaliza huwezi hata kukaa. Ulinipa bahasha ukasema, "Neema, leo karatasi iweke katikati. Mkono utoke."

Nilikujibu kwa ukali kwamba watu wameshamzoea alivyo, tusiwaharibie. Ukasema haya. Nikaenda, nikazisukumia upande kama siku zote. Niliporudi, kopi zikiwa bado za moto, nilikuta viatu vingi mlangoni na mama amekaa chini.

Tangu siku ile sikuigusa michoro yako. Jana, kwa ajili ya swali la mhariri, niliivuta kutoka uvunguni mwa kitanda cha mama.

Dada, mkono upo. Katika toleo la kwanza umeuchora kwa wino, umemshika mtoto mwenye nywele za mabutu mawili na sweta la shule lililotoboka kiwiko. Sweta langu. Katika matoleo yaliyofuata upo kwa penseli, pembeni kabisa, mahali ulipojua mashine itakata. Kalunde anavuka mto naye, anapanda naye treni ya Kaliua, hajamwachia hata mara moja. Nami miaka yote hiyo nilikuwa najikata mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Ukurasa wa mwisho wa toleo la sita umerudia wino. Kiganja kiko wazi. Mtoto amesimama mbele kidogo, kwenye mvua, anatazama nyuma.

Nina hasira na wewe. Ungesema tu kwamba ni mimi, ningeiweka karatasi katikati. Au nisingeiweka, ubishi wangu unaujua.

Asubuhi hii nimemwambia mhariri achape karatasi nzima, mpaka ukingoni. Akauliza yule mtoto ni nani. Nikamwambia ni mdogo wake. Akauliza kama mwishoni anabaki peke yake.

Nikasema ndiyo.

Huku mvua imeanza. Huko isikuume tena.

Mdogo wako,
Neema