Mguu wa Nagumo

Tsuruoka, 9 Desemba

Kwako Kaka Morikubo, nahodha wangu,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Chizuru. Hujambo? Shemeji naye? Mgongo wa baba mkwe umepata nafuu, au bado anabeba mapipa ya miso kwa ubishi? Sisi tu wazima. Theluji imeanza juzi, na figili zimeanikwa kila kibaraza.

Najua hutaki kusikia habari za mpira tangu siku ile tuliposhuka daraja, miaka ishirini na mbili sasa. Ulitundika viatu wiki hiyohiyo ukaenda Akita kwa wakwe kuvundika soya ya miso, na uwanjani kwetu hujatia mguu tena. Lakini leo nivumilie, nina jambo.

Mimi nilibaki. Nilicheza beki ya kati miaka kumi na minne, kadi nyekundu tisa, bao moja, nalo nililifunga nimefumba macho. Nikafundisha watoto, nikawa msaidizi, na huu ni mwaka wa tatu ni kocha mkuu wa timu kubwa. Watu walisema beki mzito wa maneno kama mimi atafundisha nini. Msimu huu nusura wawe wakweli: mechi ya mwisho tulihitaji sare, tukifungwa tunashuka.

Siku moja kabla, nikamwona Nagumo, beki wetu bora, anavaa soksi ya kushoto amekaa. Siku zote huvaa amesimama. Nikamuuliza kulikoni, akasema yuko sawasawa. Unatujua sisi: mtu hata avunjike mfupa atasema yuko sawa, asije akawasumbua wenzake. Nikamwambia aruke kwa mguu huo mmoja. Akaruka mara mbili, ya tatu akashika ukuta. Nikamtoa kikosini.

Weee, nilisemwa! Daktari alidai sindano ya maumivu ingetosha. Msaidizi wangu aliniambia, kwa heshima zote, kwamba ninaizika klabu. Nagumo mwenyewe aliniinamia mpaka kiunoni, machozi yanadondokea viatu vyake. Nikakataa. Nikampanga Orita wa miaka thelathini na sita, ambaye akikimbia unamwonea huruma.

Tulitoka sare bila bao. Hatukushuka. Tulipojipanga mbele ya jukwaa kuwainamia mashabiki, waliimba jina langu, jambo ambalo halikutokea hata siku moja nilipokuwa nacheza. Picha ya hospitali ilionyesha msuli wa paja la Nagumo umechanika nusu. Angecheza, ungekatika. Gazeti likaandika nina jicho kali.

Jana Nagumo alikuja ofisini na magongo yake na boksi la vitumbua vya maharage, akaniuliza:

"Kocha, hata mama sikumwambia. Wewe ulijuaje?"

Nikamjibu ni uzoefu. Aibu ikanishika, kaka, kwa sababu uzoefu wenyewe ni huu.

Siku ile, dakika ya themanini na nane, ulitupigia kelele tupande wote, tumwache mshambuliaji wao ameotea. Wenzetu walipanda. Mimi sikupanda. Paja langu lilichanika Alhamisi kabla ya mechi, nikalifunga kitambaa chini ya kaptula nikanyamaza, maana nilikuwa mdogo wenu na niliona haya kulalamika. Ulipoita, mguu uligoma, nikabaki nyuma, mshambuliaji wao akawa hajaotea, akafunga. Wewe ulikuwa unaangalia mpira, hukuniona, na kamera ilikuwa moja tu. Ukashika kipaza sauti mbele ya mashabiki ukasema kosa la bao lile ni lako, umechelewa kuita. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeinama kama wengine.

Kila mwaka mpya unatutumia kadi sote wa kikosi kile, na chini ya salamu unaandika maneno yaleyale: samahani kwa kuchelewa. Ninazo ishirini na mbili. Zote nimezijibu kwa kukutakia afya njema. Nimekuwa mwoga, kaka, na nimekuibia mpira wako.

Hukuchelewa. Uliita kwa wakati.

Jumamosi kuna mkutano wa mashabiki, nitawaambia, na Nagumo atakuwepo. Nimetaka wewe ujue kwanza. Ukitaka kuja kunizaba kofi, njoo, nitasimama. Ukininyamazia moja kwa moja, pia nitaelewa. Ila kadi za safari hii najua bado hujaziandika. Nakuomba, andika salamu peke yake.

Msalimie sana shemeji, na umwambie baba mkwe aache ubishi. Jikingeni na baridi.

Ni mimi mdogo wako, aliyecheza kushoto kwako,

Tetsuya Hakamada