Nilivyomkaba Vumilia

Nyasubi, Kahama
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Marahaba yako nimekwisha kuisikia, maana nakuona kabisa umekaa barazani kwako huko Masasi, unabangua korosho na redio iko chini ya kiti. Miguu inaendeleaje? Na mjukuu wako Dorah, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima, ila vumbi la Agosti limezidi. Nadhani limeshaingia mpaka kwenye ndoto zetu, maana siku hizi kila ninachokiota kina rangi ya udongo.

Nimekupigia simu mara kadhaa nikaikata kabla hujapokea. Haya ninayotaka kukueleza yanahitaji kwenda polepole, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Bado nauza mchele sokoni asubuhi, na jioni naenda mazoezi ya mpira. Najua unacheka. Cheka tu, Shangazi. Nikisimama uwanjani jua linapoinama, kichwa kinakuwa chepesi kama mtu aliyetoka kuoga mtoni.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Unajua kwamba mimi na mdogo wangu Vumilia tulikuwa hatusemezani. Baada ya kumzika Mama, alikuja na mumewe, shemeji Magesa, wakamchukua Baba wakaenda naye Kagongwa, mimi nikiwa sokoni. Niliporudi nilikuta kiti cha Baba uani, na jua limekikalia. Vumilia aliniambia kwenye simu kwamba Baba ameanza kusahau, hafai kushinda peke yake. Nami nikamjibu kwamba Baba si gunia la mpunga, mtu aje alipakie na kuondoka nalo. Maneno yakaishia hapo. Kagongwa si mbali, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, lakini kwangu ilikuwa kama nchi niliyowahi kusimuliwa.

Mwezi huu timu yetu ya wanawake ya Nyasubi iliingia fainali ya kombe la mavuno. Tuliopangiwa kucheza nao ni Kagongwa, na mshambuliaji wao ni mdogo wangu huyohuyo.

Unakumbuka Vumilia alivyokuwa akichuma mapera bila kupanda mti? Ndivyo anavyofunga magoli. Kona ikipigwa, wenzake wote wanaruka na kushuka, yeye anabaki juu kidogo, kana kwamba kuna mtu amemshika kwapani. Halafu anaupiga mpira kwa kichwa, taratibu tu, unaingia.

Basi wiki nzima kambini ugomvi ulikuwa mmoja: kona za Kagongwa tutazizuiaje? Wewe mpira huujui, ngoja nikueleze. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kila beki anapewa mtu wake, anamganda popote aendako. Ya pili, kila mmoja anapewa sehemu yake mbele ya goli, anasimama hapo, na mpira ukija hapo ni wake, haijalishi ni nani anayeukimbilia.

Kocha wetu Edward anapenda ile ya kwanza. Aliniambia mbele ya watu wote, "Mariana, Vumilia ni wako. Mmelala kitanda kimoja tangu utoto, unajua anaruka lini. Akienda chooni, nenda naye."

Hosiana, kipa wetu, alikataa. "Kocha, mkianza kukimbizana mbele yangu mimi siuoni mpira. Nataka mtu asimame hapa, mwingine hapa, mwingine pale. Basi."

"Na Vumilia akija mbio, wao wamesimama tu?"

"Afadhali wasimame kuliko kunizibia njia."

Kocha ndiye kocha. Nikapewa Vumilia.

Uwanja ulikuwa upande wa Buzwagi, kule ambako vilima vya mawe ya mgodi vinaonekana kwa mbali kama vimechorwa kwa chaki. Upepo ulikuwa mdogo. Kona ya kwanza ilipotoka nilimwendea mdogo wangu, nikamshika kiuno kama nilivyoelekezwa. Shangazi, sikuwa nimemgusa tangu makaburini. Alikuwa amekonda. Alikuwa amejipaka yale mafuta ya mgando ya Mama, na ile harufu ilinichukua, nikawa sisikii tena kelele za watu. Niliona tu pumzi yake ikipanda na kushuka mgongoni. Sijui mpira ulipita wapi. Mtu mwingine aliutoa.

Kona ya pili, Vumilia hakwenda golini. Alitembea kuelekea pembeni, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo nyumbani. Nami nikamfuata. Tulipokuwa kule pembeni nilisikia watu wakilipuka, nikageuka. Pale tulipopaacha wazi, mwenzake mmoja, Violeth, alikuwa ameshapiga kichwa na Hosiana amelala chini. Vumilia alikuwa amenivuta kama mbuzi kwenye kamba.

Mapumziko Hosiana hakunywa hata maji. "Mnaona?" alisema. "Alikuwa hautaki mpira. Alikuwa anamtaka dada yake atoke pale."

Kocha Edward alikuna ndevu. Mwishowe akasema, "Haya. Kipindi cha pili kila mtu na eneo lake. Mariana, simama katikati, mbele ya Hosiana. Usimfuate mtu yeyote."

Nikasimama. Ulikuwa mchezo wa ajabu, Shangazi. Kila kona ilipokuja nilikaa mahali pangu, na Vumilia akapita mbele yangu, akapita nyuma yangu, nami sinyooshi mkono. Vumbi lilikuwa limeinuka na jua limelipaka dhahabu, na yeye alikuwa akitokea ndani yake na kupotea tena. Mara mbili nilidhani ameniita. Mipira ilikuja, tukaiondoa. Halafu mwenzetu Scolastika akapiga faulo moja ikazama wavuni mwao. Tukawa sare, moja kwa moja.

Ikaja kona ya mwisho. Mpira ulipigwa juu sana, nikauangalia ukining'inia angani kama hautaki kushuka. Ulikuwa unakuja katikati yangu na Scolastika, mahali ambapo si pangu wala si pake. Hilo ndilo tatizo la kulinda maeneo. Yeye aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye. Na Vumilia alikuwa ameshaanza mbio kutoka mbali.

Niliruka. Mimi na Vumilia tuligongana vichwa hewani, mpira ukapita juu yetu. Mimi nilianguka nikainuka. Yeye hakuinuka.

Damu ilikuwa inatoka kwenye nyusi yake. Refa hakuwa amepuliza, mpira ulikuwa bado unazagaa miguuni mwa watu, Hosiana anapiga kelele, "Mariana! Rudi! Rudi eneo lako!" Nilimsikia vizuri. Nilipiga magoti, nikavua soksi yangu nikaikandamiza pale palipochanika. Nyuma yangu nikasikia wavu. Violeth tena, kupitia pale nilipotakiwa kuwa.

Vumilia alifumbua macho, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Tumefunga?" aliniuliza.

"Mmefunga."

"Pole, dada."

Halafu akaanza kulia, na si kwa ile damu. "Baba ananiita Mariana," alisema. "Nikimpelekea uji, asante Mariana. Nikimfunika, usiku mwema Mariana. Namwambia mimi ni Vumilia, ananiuliza Vumilia yuko wapi. Mimi nimechoka, dada. Njoo."

Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, shemeji Magesa akitusindikiza, wakamshona. Ni mzima, ana kovu dogo ambalo anadai linampendeza.

Wenzangu walikasirika, na wana haki. Kocha Edward aliniambia tu, "Eneo lako lilikuwa tupu." Nikamwambia ndiyo, lilikuwa tupu. Hosiana amekaa siku kadhaa bila kunisalimia. Jana alikuja sokoni akanunua mchele kwangu, akasema ningekuwa wa timu nyingine angenielewa mapema zaidi. Tukacheka.

Nimekwenda Kagongwa, Shangazi. Nilifika asubuhi, moshi wa pumba za mpunga umetanda chini chini kwenye mashine za kukobolea, nyumba zinaonekana mapaa tu. Baba alikuwa amekaa nje. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka baba. Akanishika mikono akatabasamu. "Ng'wanone," aliniita, mwanangu. "Umechelewa, Vumilia." Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na plasta usoni. Tuliangaliana, wala hatukumsahihisha.

Tumekubaliana. Kuanzia mwezi ujao Baba atakaa kwangu msimu wa kilimo, Vumilia akiwa shambani, na baadaye atarudi kwake. Nimepata mama jirani wa kushinda naye ninapokuwa sokoni.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Baba anatuchanganya sisi sote, hata Mama anamtaja kama yuko jikoni. Jina moja tu hajalikosea. Kila jioni, jua likianza kuwa jekundu, anainua uso anatazama njiani, anauliza kama Bernadina amesharudi kutoka kuteka maji. Tunamwambia bado. Anasema, "Msifunge mlango basi. Huyo dada yangu anaogopa giza."

Msalimie baba mdogo Stanslaus, Dorah, na majirani wote wanaonikumbuka. Vumilia na shemeji Magesa wanakuamkia. Mungu akupe nguvu za miguu na akutangulie barabarani ukija kumwona, maana ni safari ndefu. Mlango hatujaufunga, Shangazi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mariana