Kiti cha Nyuma cha Mama Mkwe

Jumamosi, Madale

Ile ya bluu bado inanizunguka kichwani. Haibridi zote mbili, magari ya mafuta na umeme, nimeziendesha leo, na zote mafuta zinaonja tu. Ya bluu ilipanda mlima wetu kama vile hakuna mlima. Nyeupe iko kimya mno, nikadhani haijawaka, nikabonyeza tena swichi, kumbe naizima. Muuzaji akacheka. Nilikereka!

Mie nilishaamua bluu. Ndipo mke wangu, Neema, akasema tumpitie mama yake naye azijaribu.

Kwao mkwe hamgusi mama mkwe, wala mama hakai mbele na mkwe. Siku za kliniki Neema akiwa kazini, nampelekaga mie. Namfungulia mlango wa nyuma, nageukia pembeni, namsikia akihangaika na magoti yake. Inaniuma, na mkono siwezi kumpa.

Kwenye ya bluu, kiti kiko juu, alihema kupanda mpaka Neema akamsukuma. Kwenye nyeupe aliketi kwanza, akaingiza miguu taratibu, mlango akaufunga mwenyewe.

Mie bado nimegeukia ukutani.

“Mkwe,” akaniita kutoka ndani, “twende basi, unamsubiri nani?”