Anemoni Uliyempaka Nyekundu

Mama,

Lile shuka ulilochora anemoni wa bahari sasa liko Rodi Kopany, kwenye ukuta wa darasa langu la kidato cha pili. Panya wamekula pembe moja. Nyumba yetu ya Karungu, kando ya ziwa, imefungwa. Kuku wako nimewagawia watu wa kanisa, isipokuwa yule jogoo mkorofi, tuliyemla siku ya matanga yako.

Ulifundisha habari za mnyama huyo miaka yote bila kumwona. "Si ua, ni mnyama," uliwaambia wanafunzi. "Anashika mwamba na kungoja chakula kimjie, kama wajomba zenu." Ulimpaka nyekundu kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki mlango wa kanisa ulipopakwa.

Ulipostaafu tukaenda Kilifi kumtazama. Tulifika ufukweni saa nne asubuhi, bahari imefunika miamba yote. Ulisimama na viatu mkononi mpaka saa sita, ukasema, "Nyathina, mwanangu, labda wameisha." Tukarudi kufunga mizigo. Hukulalamika hata kidogo.

Kuna jambo sikukuambia. Asubuhi ile, ulipokuwa ukioga, mama mwenye nyumba tuliyolala aliniambia tungoje alasiri, maji yatoke. Nikamwitikia, huku nacheka moyoni. Maji yatoke yaende wapi? Ziwa letu unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Basi letu lilikuwa la usiku, Mama. Tungeweza kungoja.

Mwezi uliopita nilirudi peke yangu. Nikamtafuta yule mama, nikamuuliza saa, nikaenda saa aliyonitajia. Maji yalikuwa yametoka kweli, na kwenye vidimbwi vya miambani anemoni walikuwa wamejaa. Si wekundu. Wana rangi ya mboga ya osuga iliyochemshwa. Nilimgusa mmoja, akaning'ang'ania kidole kwa vile vimikono vyake, kisha akajifunga. Nikakaa juu ya jiwe nikalia, mtu mzima mimi, watalii wawili wakinitazama.

Nisamehe.

Mchoro wako sitaupaka upya. Lakini kila mwaka nikifika kwenye somo hilo, nitawaambia wanafunzi rangi yao halisi, na nitawaambia pia kwamba mwalimu wao aliwahi kuambiwa angoje, akacheka.

Lala salama, Mama. Hawakuwa wameisha. Walikuwa chini ya maji, mbele ya miguu yako.

Wako,
Akinyi