Jiwe Ambalo Baba Hataliona

Salima mwanangu,

Nawahi gari la Dar pale Kibiti. Mpunga uanike jua likitoka, na kuku uwafukuze. ~~Baba yako usimpikie.~~ Mpikie, ila samaki asitiwe nazi.

Asubuhi tumekorofishana. Daktari alisema jiwe lililoziba mrija wangu wa nyongo hutolewa kwa kupasua tumbo, au kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, jiwe likashushwa utumboni litoke chooni. Baba yako anataka nipasuliwe ili alishike mkononi, kama mganga anavyoonyesha alichokitoa kwa mgonjwa. Hata mimi nina hamu ya kujua lina rangi gani! Lakini na mshono tumboni, nitainamaje shambani? Nimechagua mpira.

Mwambie jiwe hataliona. Ataniona mimi.

Mama