Ukoo wa Mteremko

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini wewe na watoto mnaamka salama, na kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, na uongo nimeuchoka.

Daktari alikuja tena. Alimgusa Baba nyayo kwa ncha ya ufunguo, Baba akamuuliza kama ameshaanza. Akaniita uani akaniambia nisingoje tena, kiuno kimekufa, hakirudi. Baba hakuuliza tulichoongea. Aliomba tu apewe jalada la daftari, kiberiti na kipande cha uzi.

Unamjua mzee wako. Jalada kaliegemeza kifuani likawa mteremko, kiberiti ndiyo ile mashine ya kusaga iliyomvunja kiuno, na kutwa nzima anaishusha upya kutoka kwenye lori. Wageni wakija kumjulia hali wanapewa somo, wapende wasipende. Eti mashine rahisi zote ni koo mbili tu. Mteremko ndiye bibi: akitembea anaitwa kabari, akijiviringisha kwenye msumari anaitwa skrubu. Ukoo wa pili ni wa wenzo, ule mti wa kubinulia mizigo, na gurudumu na roda ya kupitishia kamba ni watoto wake waliochagua kuzunguka. Halafu anasema koo hizo zilioana zamani, ndiyo maana sisi wahamisha mizigo tunakula. Juzi jirani mshona viatu alimuuliza mshenga alikuwa nani. Baba alicheka mpaka nikamshika asianguke kitandani.

Ila tangu jana hacheki. Amepima kila alichofanya mumeo siku ile: mwinuko wa mbao, unene wa kamba, roda ilivyofungwa, kabari aliyoiona kwa macho yake. Anasema hesabu inakubali, mashine isingeteleza hata ingekaa pale mpaka jioni. Na kwa kuwa mumeo mwenyewe alikiri kwamba kabari aliitia vibaya, Baba ameamua kilichoharibika ni kichwa chake mwenyewe. Alinipa jalada nikawashie moto. Akasema kiuno kimekwenda, akili nayo imeaga, sasa anangoja nini. Akageuza uso ukutani. Tangu hapo hajala.

Jamani Dada, kichwa cha Baba ni kizima. Mumeo hakukosea. Ni mimi.

Kwetu kazini aliyetia kabari ndiye anayeitoa, hata Baba haigusi ya mtu. Mumeo alikuwa ameitia chini ya gurudumu la toroli lenye mashine, akaenda kufunga kamba kwenye nguzo. Baba alikuwa chini ananyoosha ubao. Nikaona kamba imenyooka nikadhani imeshafungwa, kumbe bado iko mikononi mwa mumeo. Nilikuwa na haraka zangu, nilitaka tumalize nikaoge. Niliigonga kabari kwa nyundo mara moja tu, ikatoka, toroli likamshukia Baba.

Mumeo aliniona. Baba akiwa anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, alinivuta pembeni akaniambia nifunge mdomo. Alisema kuanzia leo Baba atalishwa kwa mkono wangu, na mtu hawezi kumeza kutoka mkono anaouchukia. Kuhusu wewe alisema nisijali, anakujua, utanuna wiki mbili kisha utamsamehe. Hukumsamehe. Ulifunga mizigo umwache, mimi nimesimama mlangoni nimekubebea mtoto, na sikusema neno.

Leo asubuhi nimekwenda chumbani kwa mumeo kumwambia basi, yaishe. Nimekuta mpangaji mwingine anapaka rangi. Fundi wa chumba cha pili anasema aliondoka miezi miwili iliyopita, vyombo vya kazi kaviacha, hakuaga mtu. Nimeuliza stendi, nimeuliza kwa wote waliowahi kumpa kazi. Hakuna anayejua alikoelekea.

Baba sijamwambia. Nikimwambia, atajua akili yake ni nzima, na atakufa nayo kwa njaa, maana mkono wa kumlisha ni huu huu. Nisipomwambia, ndiyo hivyo anakufa. Chakula chake kimepoa hapa mezani ninapoandikia.

Siombi msamaha, sina uso wa kuuomba. Waambie watoto kwanza kwamba baba yao hakukosa kitu. Wakishasikia hilo lote, ukiona bado wanazitaka, ndipo uwape salamu zangu.

Mdogo wako,
Mapepe