Bendi Yangu ya Winipegi na Sikio Lako, Baba

Ibra, Oman

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naubusu mkono wako kutoka huku mbali, nikitumai umeamka salama, chai umeipata na kifua hakikusumbui. Mimi mzima, namshukuru Mola, ila joto la Ibra limeshaanza kutukaanga. Ninalotaka kujua kwanza ni hali ya sikio. Dada Mwanaisha kaniambia la kulia limekufa kabisa, na daktari hana matumaini makubwa na la kushoto. Eti siku hizi adhana ikitoka unatazama majirani wanavyoinuka ndiyo unajua. Nililia, Baba, sikufichi. Simu huisikii tena, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Nina jambo linanikosesha raha. Mkataba wangu wa udereva hapa kwa Bi Zuwena unakwisha baada ya Iddi Kubwa. Wewe unaningoja Unguja. Na wiki iliyopita Deni, yule rafiki yangu wa Kanada, kanipigia: anataka tuifufue bendi yetu kwa msimu mmoja wa joto, viza na tiketi juu yake. Niondoke Maskati moja kwa moja. Mshika mawili, Baba, unajua mwisho wake.

Bendi yenyewe hukuipenda. Nilipokutumia picha uliuliza, "Ngoma gani hiyo isiyo na harusi?" Basi nikusimulie, uwe hakimu.

Tulikuwa watatu, wanafunzi huko Winipegi, Kanada. Deni gitaa na kuimba, Klea dramu, mimi gitaa la besi. Tulipiga fanki iliyochanganywa na roki, na bendi tukaiita Sanduku, kwa sababu nilikuwa siachi kuwahadithia juu ya baba yangu anayepiga kidumbaki maharusini kwa sanduku la mbao na kamba moja. Usiku wa kwanza mbele ya watu, wimbo ulipokwisha, mimi sikunyamaza. Ningejuaje? Kwetu wachezaji wakiwa uwanjani hakuna kukata. Wimbo unazaa wimbo. Nikaendelea, Klea akanifuata, na Deni akabaki anatazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini. Mwisho naye akaingia. Watu walikuja na makoti yao ya theluji, wakayavua wakayatupa sakafuni. Hakuna aliyekaa.

Likawa ndilo jina letu mjini: wale wasiokata. Tukazunguka kwa gari bovu katika baridi ambayo mate yanaganda kabla hayajafika chini, tukalala kwa watu, redio zikatuita. Sijawahi kuwa na furaha ile, Baba, tena sijui kama nitaipata.

Kisha akatokea bwana mmoja wa kurekodi. Akataka kila wimbo ukae peke yake, mfupi, na kimya katikati. Deni akakubali, Klea akakataa, mimi nikasema tujaribu. Albamu ikatoka, moja tu. Tukaenda kuipiga kama ilivyorekodiwa: watu wakapiga makofi kwa adabu, wakakaa. Katika kimya kile Klea aliniangalia, na mimi nikajua tumekwisha. Theluji ilipoyeyuka hatukuwa na bendi. Masomo yakaisha, karatasi za kukaa zikaisha, riziki ikanileta huku.

Juzi nilikuwa nampeleka Bi Zuwena Sur kwa bintiye. Unamkumbuka, yule bibi niliyekwambia kazaliwa Malindi ya Unguja. Akaniamuru niweke muziki wangu. Alisikiliza kidogo, akaanza kuipiga dashibodi kwa kiganja.

"Hii kidumbaki, wallahi! Imevaa koti tu. Na hilo dude linalonguruma nani anapiga?"

"Mimi, bibi."

"Ya salaam! Na babaako kasemaje?"

"Hajanisikia hata siku moja."

Tulipoupita mji wa Al Kamil akasema, "Yallah, nenda Kanada mwanangu. Ungali kijana, na huku utakauka kama papa wa Ashkhara."

Nilicheka, na moyo wangu ulikwenda, Baba. Nikikwambia sitamani nitakuwa naongopa. Lakini usiku sikulala kwa lile jibu langu. Utotoni ulininyima sanduku, shule kwanza, na ulikuwa na haki. Nilipojua kupiga nilikuwa ng'ambo, na wewe ulisema muziki wa kwenye simu ni nyuki ndani ya chupa. Kila kitu ninachokijua nimekitoa kwako, na wewe hujakisikia.

Jana nimemjibu Deni kwamba siendi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mzee wangu kabakiwa na sikio moja. Akasema watatafuta mpiga besi mwingine. Imeniuma, naomba unielewe, imeniuma sana.

Nisalimie Dada Mwanaisha na wanawe, na Shangazi Mtumwa muuza mandazi. Na rafiki yako Mzee Pandu, mpiga fidla, mwambie asiuze fidla yake, tutamhitaji.

Nakuja, Baba. Sikio likinisubiri, alhamdulillahi. Lisiponisubiri, utaweka kiganja chako ubavuni mwa sanduku, mimi nitapiga, na sitakata mpaka wewe uondoe mkono.

Mwanao,
Makame